Yusufu, kiti cha kanisani na nyumba ya Chicago: Ndoto ya Marekani ni ugomvi wa ndugu wa kitabu kimoja

Mzee wa Maktaba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi humu kulikuwa na uzi wa "ndoto ya Marekani", ile imani kwamba yeyote akijituma kule atafanikiwa. Watu wamerushiana maneno kurasa kadhaa, huyu anasema ni ulaghai mtupu, yule anapiga hesabu ya mshahara wa dereva wa lori Texas. Sikuchangia kwa sababu nilichotaka kusema kingepotea katikati ya kelele. Nakisema hapa: ndoto ya Marekani na ubaguzi wa Marekani vyote viwili vimelelewa kanisani. Ukitaka kuvielewa, ingia huko kwanza. Utakuta mbaguzi na mbaguliwa wamekaa chini ya paa moja, Biblia ni ileile, na kila mmoja ana hakika kwamba hadithi ile inamhusu yeye.

Mwaka 1630 John Winthrop, kiongozi wa Wapuritani (Waprotestanti wa msimamo mkali wa Uingereza) waliokuwa wanahamia Massachusetts, aliwaambia wenzake kwamba watakuwa kama mji uliowekwa juu ya mlima, macho ya watu wote yatawaelekea. Mathayo 5:14 hiyo. Hawa ni watu waliokimbia kusumbuliwa Uingereza kwa sababu ya ibada yao. Miaka 30 baadaye, 1660, mji wao wa Boston ukamnyonga mama mmoja, Mary Dyer, kwa kuwa alikuwa Mkweka (Quaker, dhehebu jingine la Kikristo) na alirudi mjini baada ya kufukuzwa. Mji wa mlimani ulikuwa umeshaweka mlinzi getini.

Wapuritani walijiona ni Waisraeli: Uingereza ndiyo Misri, Atlantiki ndiyo Bahari ya Shamu, ng'ambo ndiyo Kanaani. Sasa chukua mtu ambaye babu yake alishushwa Virginia kwa pingu, biashara iliyoanza huko tangu 1619. Anaisikia hadithi ya Kutoka akiwa amesimama nyuma kabisa ya kanisa, au roshani ya juu. Yeye hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Misri ni hapa alipo, na Farao ndiye yule wa benchi la mbele. Nyimbo zile za watumwa za kumwambia Musa ashuke akamwambie Farao awaachie watu zimetoka hapo.

Wenye watumwa nao walikuwa na mistari yao. Waefeso 6:5, watumwa watiini mabwana zenu, ilihubiriwa mpaka ikachuja. Kulikuwa na laana ya Hamu pia, ingawa ukiisoma Mwanzo 9 aliyelaaniwa ni Kanaani, na rangi ya ngozi haitajwi popote. Mwaka 1845 Wabaptisti wa Kusini walijitenga wakaunda umoja wao mjini Augusta, Georgia. Kilichowagawa na wenzao wa Kaskazini ni swali kama mtu mwenye watumwa anaweza kutumwa kuwa mmisionari. Wao walisema ndiyo. Waliomba radhi rasmi 1995. Piga hesabu.

Mwaka huohuo wa 1845 Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka, akatoa kitabu cha maisha yake. Anasimulia jinsi bwana wake Thomas Auld alivyookoka kwenye mkutano wa injili wa Wamethodisti huko Maryland, Agosti 1832. Douglass alitumaini kwamba mtu akiokoka atawaachia watumwa wake, au basi walau atapunguza ukali. Auld akazidi kuwa katili, maana sasa alikuwa na aya za kuhalalisha kiboko. Mwisho wa kitabu Douglass anaweka mstari: Ukristo wa Kristo ni kitu kimoja, Ukristo wa nchi hii ni kitu kingine, na huwezi kuupenda mmoja bila kuuchukia wa pili. Kwangu mimi, wakuu, hakuna mhubiri wa Marekani wa karne ile aliyesema jambo zito kuliko hilo, na Douglass alikuwa hajafika hata umri wa miaka 30.

Kabla yake kulikuwa na kisa cha Philadelphia. Kanisa la Methodisti la St. George's, mwishoni mwa miaka ya 1700. Richard Allen na Absalom Jones, watu huru, weusi, waumini wazuri, wako magotini wanasali. Mzee wa kanisa anakuja kumvuta Jones ainuke kwa sababu amepiga magoti mahali pa wazungu. Jones anamwambia subiri sala iishe. Hasubiri. Sala ilipokwisha waliinuka wote wakatoka nje na hawakurudi. Allen akaja kuwa askofu wa kwanza wa kanisa la weusi la AME (African Methodist Episcopal) lililoundwa 1816, ambalo lipo mpaka leo.

Hapa ndipo namleta Yusufu.

Mjini Memphis, kwenye Lorraine Motel alikopigwa risasi Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968, kuna bamba limeandikwa maneno ya Mwanzo 37. Ni pale ndugu zake Yusufu wanapomwona kwa mbali, wanaambiana: yule mwota ndoto anakuja, tumwue, kisha tuone ndoto zake zitakuwaje. Waliochagua aya ile walijua wanachokifanya. Wangeweza kuweka aya ya amani au ya pumziko. Wakaweka maneno ya wauaji. Na wauaji si Wafilisti, si Wamisri. Ni watoto wa baba mmoja.

Sasa mkumbuke shairi la mshairi mweusi Langston Hughes kuhusu Harlem, mtaa wa weusi New York, la 1951. Linauliza ndoto iliyoahirishwa huwa inakuwaje: inakauka kama zabibu juani? Inaoza? Au inalipuka? Sijui kama Hughes alikuwa na Yusufu kichwani, lakini swali ni lilelile la wale ndugu kisimani, tofauti ni kwamba safari hii anayeuliza ni Yusufu mwenyewe.

Lorraine Hansberry alichukua jina la tamthilia yake kwenye ile zabibu: *A Raisin in the Sun*, iliyopanda jukwaani Broadway Machi 1959, ya kwanza huko kuandikwa na mwanamke mweusi. Familia ya Younger, watu watano, chumba cha kubanana upande wa kusini wa Chicago, choo wanashirikiana na majirani, mtoto analala kwenye kochi. Baba amefariki, inakuja hundi ya bima ya maisha, dola 10,000. Kila mtu ana ndoto yake juu ya hundi ileile. Mama Lena anataka nyumba. Walter, mtoto wa kiume, dereva wa tajiri, anataka kufungua duka la pombe. Beneatha anataka kuwa daktari. Mama analipa kianzio cha nyumba dola 3,500 kwenye mtaa wa wazungu, Clybourne Park. Zilizobaki anamkabidhi Walter, akimwambia sehemu yake aiweke benki kwa masomo ya dada. Walter anampa zote mshirika wake, na mshirika anatokomea nazo.

Mbaguzi wa tamthilia hii anaitwa Lindner. Hana kofia ya Ku Klux Klan, lile genge la wabaguzi. Amevaa suti, anaongea taratibu, ametumwa na chama cha wakazi kuja kuwapa pesa zaidi ya walizolipa ili wasihamie. Watu wa Clybourne Park, anasema, ni wachapakazi wa kawaida na hawana chuki na mtu. Hansberry alimwandika hivyo kwa sababu alimjua. Mwaka 1937 baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba kwenye mtaa wa Chicago ambao hati zake zilikuwa na sharti kwamba hairuhusiwi kuuza wala kupangisha mtu mweusi. Kundi la watu lilikusanyika nje, kitu kizito kikarushwa dirishani kikamkosakosa Lorraine, aliyekuwa na miaka kama saba au minane. Mama yake alikuwa anazunguka nyumba usiku na bastola. Kesi ya majirani kutaka atoke ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na 1940 Hansberry akashinda, ila kwa hoja ya kiutaratibu tu. Masharti yenyewe yaliendelea mpaka 1948, mahakama ileile iliposema hayawezi kutekelezwa na vyombo vya serikali. Carl hakuiona siku hiyo. Alifia Mexico 1946, akiwa anapanga kuhamishia familia huko.

Tamthilia inaishia wanabeba mizigo kuhama. Usiku wa kwanza Clybourne Park hatuonyeshwi. Watu wengi huiita hadithi ya ushindi. Mimi kila nikifika ukurasa ule nafikiria bastola ya mama yake Lorraine.

Karibuni kwa hoja. Mwenye matusi jukwaa la siasa liko wazi.

Dogo wa Sinza

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

Kaka Mbishi

Mzee nakuheshimu, nyuzi zako nasoma zote. Ila hapa umefanya kama wanavyofanya wachungaji wote. Dini ilete pingu, halafu dini hiyohiyo ipewe sifa ya kuleta ufunguo. Kwa nini tusiseme tu kwamba watu wale waliteseka, wakapigana, wakashinda kidogo, na Mungu hakuwepo kwenye picha?

Halafu umeruka sehemu muhimu kuliko zote kwenye hiyo tamthilia. Beneatha, msomi wa nyumba, anasema amechoka Mungu kusifiwa kwa kazi waliyofanya binadamu. Mama yake anampiga kofi. Anamlazimisha arudie maneno kwamba ndani ya nyumba ya mama yake Mungu bado yupo. Hiyo ndiyo imani unayoisifia? Kofi?

Mzee wa Maktaba

Kofi sikulisahau, nilikuwa nakungoja wewe ulilete.

Hansberry mwenyewe hakuwa mtu wa dini, kwa hiyo usidhani ameliandika kofi lile ili kumshangilia mama. Angalia kinachofuata: mama akitoka, Beneatha anasema kimyakimya kwamba udikteta wote wa dunia hautamweka Mungu mbinguni. Mwandishi amempa kila mmoja neno lake na hakuna aliyefungwa mdomo. Lakini mtazame mama pia upande wa pili. Anamuuliza Walter tangu lini pesa imekuwa ndiyo maisha, maana zamani uhuru ndio ulikuwa maisha. Mama huyu ni wa kizazi kilichokimbia Kusini kisiuawe. Imani yake aliichukua huko pamoja na kumbukumbu za watu kunyongwa mitini. Beneatha anaona ushirikina, mama anaona kitu pekee ambacho mzungu hakuweza kumnyang'anya njiani. Wote wawili wana hoja na ndiyo maana tamthilia bado inachezwa.

Sifa ya ufunguo sijaitoa popote. Nimesema wote wamo humo ndani.

Abuu Twaha

Assalaam alaykum wana jamvi. Mzee, umetaja Yusufu ukaishia kwenye Mwanzo. Niongezee upande wetu.

Katika Surat Yusuf, mtoto anapomweleza baba yake ndoto ya nyota kumi na moja, jua na mwezi, Nabii Yakub anamwambia: mwanangu, usiwasimulie ndugu zako ndoto yako, wasije wakakufanyia vitimbi. Hili mimi nimelifikiria sana kuhusu King. Yeye aliisimulia, tena mbele ya watu robo milioni pale Washington, tarehe 28 Agosti 1963.

Pili, kuna Waafrika waliofika Marekani na Qur'ani vifuani. Omar ibn Said wa Futa Toro, Senegal ya leo, alikuwa mtu wa elimu. Alikamatwa 1807, akauzwa Charleston, akatoroka, akafungwa jela Fayetteville, North Carolina, na mle jela akawa anaandika Kiarabu ukutani kwa mkaa. Mwaka 1831 akaandika maisha yake kwa Kiarabu, na maandiko hayo yako Maktaba ya Bunge la Marekani. Alishabatizwa wakati huo, na wasomi mpaka leo wanabishana alibatizwa kwa moyo au kwa ulimi. Mimi natazama alivyoanza kuandika. Kabla ya kusema lolote kuhusu bwana wake, anaandika Surat al-Mulk, sura inayofungua kwa kumtukuza Yule ambaye mkononi mwake umo ufalme wote. Mtu aliyemilikiwa kwa hati anaanza kwa kumtaja Mmiliki wa kweli, na bwana wake hawezi kusoma herufi hata moja! Sijui ujasiri gani unazidi huo.

Tatu, Malcolm X, mwanaharakati mweusi Mwislamu. Tarehe 3 Aprili 1964, Cleveland, alisema yeye haoni ndoto yoyote ya Kimarekani, anaona jinamizi. Na alisemea wapi? Ndani ya kanisa la Wamethodisti. Mwezi huohuo akaenda Hijja, akaandika barua kwamba amekula sahani moja na Waislamu wenye ngozi nyeupe na macho ya bluu. Oktoba akafika kwetu Dar es Salaam akakutana na Mwalimu Nyerere, akapita Zanzibar, na Kenya akaonana na Mzee Kenyatta. Desemba Abdulrahman Babu akahutubia kwenye mkutano wake Harlem. Hiyo ni miezi kama miwili kabla hajauawa, Februari 1965. Nilipokuwa skuli historia hiyo hatukufundishwa, wazee wa Zanzibar ndio waliokuwa wakiitaja.

Mzee wa Maktaba

Abuu Twaha, wa alaykum salaam. Hiyo ya al-Mulk naihifadhi.

Na kwa kuwa umemtaja Kenyatta: yumo pia kwenye tamthilia ya Hansberry. Walter amelewa, amepanda juu ya meza, muziki wa Kiafrika unapigwa, anajiona jemadari mwenye mkuki, na anamtaja Jomo kuwa ndiye mtu wake. Mwaka 1959 Mzee alikuwa bado kizuizini kaskazini mwa Kenya. Katika ulevi uleule Walter anataja Ethiopia kunyoosha mikono, ambayo ni Zaburi 68:31. Makanisa ya weusi Marekani yaliihubiri aya ile kwa zaidi ya miaka mia moja kama ahadi kwa Afrika. Yaani mlevi wa Chicago anatapika mahubiri na habari za magazetini kwa pumzi moja. Hadhira inacheka. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakaa vizuri.

Mbeba Boksi

Nipo Ohio, acha niseme ninachokiona.

King alizoea kusema kwamba saa tano asubuhi ya Jumapili ndiyo saa ya ubaguzi mkubwa kuliko zote Marekani. Haijabadilika kihivyo. Huku jumapili weupe kwao, weusi kwao, Walatino kwao. Sisi ibada yetu ya Kiswahili ni mchana, kwa sababu jengo tunaazima na lazima wenyewe wamalize kwanza. Tuko Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania wachache. Wenyeji wa jengo ni wazungu, watu wema sana, viti wanatuachia vimepangwa. Lakini miaka yote hiyo ibada ya pamoja ni ya Krismasi tu. Sisemi ni wabaguzi. Na sisi wenyewe hatujawahi kwenda asubuhi.

Kingine ambacho ndugu zangu wengi huku hawapendi kukisikia. Utasikia Mwafrika mgeni anasema hawa weusi wa hapa ni wavivu, mbona sisi tumekuja juzi na tuna nyumba. Ndugu yangu, mlango umefunguliwa na nani? Sheria ya uhamiaji ya 1924 iligawa nafasi kwa asili ya nchi, na Afrika ilikuwa imeachiwa makombo. Iliyoivunja ni sheria ya 1965, iliyopita mwaka mmoja baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, katika wimbi lilelile. Watu walipigwa virungu na kung'atwa na mbwa wa polisi Alabama, halafu wewe unatua uwanja wa ndege na begi lako unawaita wavivu.

Lile bamba la Memphis nimeliona. Limesimama chini ya chumba namba 306, na watoto wa shule wanapigia picha. Sikujua ni maneno ya wauaji mpaka leo niliposoma uzi huu, nilikuwa naona ni aya tu.

Dogo wa Sinza

Wakuu mimi niulize. Ni kweli King ile sehemu ya "nina ndoto" hakuwa ameiandika?

Mzee wa Maktaba

Kwenye karatasi yake ya siku ile haikuwemo. Mwimbaji wa injili Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye jukwaani, anasemekana kumpigia kelele awaambie watu ile ndoto, na King akaweka karatasi pembeni. Lakini usije ukadhani ilishuka papo hapo. Alikuwa ameshaisema Detroit Juni ya mwaka huo, na kabla ya hapo kwenye ukumbi wa shule huko Rocky Mount, North Carolina, Novemba 1962. Ndivyo wahubiri wanavyofanya kazi, mahubiri mazuri hayahubiriwi mara moja.

Kilichokuwa kwenye karatasi, dogo, watu wanakisahau. King alianza na hundi. Alisema Marekani iliwapa weusi hundi, na hundi imerudi kutoka benki ikisema fedha hazitoshi. Hiyo ilikuwa 1963, miaka minne tu baada ya Hansberry kuijenga tamthilia nzima juu ya hundi. Kisha ndipo zikafuata aya: Amosi, haki itelemke kama maji, na Isaya 40, kila bonde litainuliwa na kila mlima na kilima kitashushwa. Siku ya King kila mwaka zinarushwa zile dakika za ndoto, deni halitajwi.

Mama Mchungaji

Nimechelewa ila naomba nafasi.

Hamjaigusa Birmingham. Aprili 1963 King yuko jela pale, viongozi wa dini weupe wanane wa Alabama, wachungaji, maaskofu na rabi mmoja, wanatoa tamko kwamba maandamano yake si ya busara na wakati haujafika. Akawajibu kwa barua aliyoanza kuiandika pembeni mwa gazeti. Hawakuwa Klan wale. Walikuwa watu ambao ningekaa nao kwenye sinodi nikawaona wastaarabu. King aliwaambia kwamba karibu afikie kusema kikwazo kikubwa cha mtu mweusi ni mzungu wa wastani anayependa utulivu kuliko haki. Mimi barua ile huwa naisoma kila Kwaresima, na kila mara inanikuta mimi.

Septemba 15, siku 18 baada ya hotuba ya Washington, bomu likalipuka hapohapo Birmingham, kanisa la Kibaptisti la 16th Street, Jumapili asubuhi. Wasichana wanne wakafa: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Somo la siku ile lilikuwa juu ya upendo unaosamehe. Mtu wa kwanza alitiwa hatiani 1977, na wengine wawili ilibidi kungoja mpaka 2001 na 2002.

Na Charleston, Juni 17, 2015. Kijana mweupe aliingia kanisa la Emanuel AME, wakampa kiti, akakaa nao kwenye somo la Biblia, Marko sura ya nne, mfano wa mpanzi. Watu walipofumba macho kusali akaanza kufyatua. Waliokufa ni tisa. Siku mbili baadaye mahakamani baadhi ya ndugu wa marehemu walimwambia uso kwa uso kwamba wanamsamehe. Mimi ni mchungaji na sina hakika ningeweza. Kanisa hilo, Mzee, ni la ukoo uleule wa Richard Allen uliyemtaja.

Kaka Mbishi

Mama, shikamoo. Kwa heshima zote, hapo kwenye kusamehe ndipo damu yangu inachemka.

Kwa nini msamaha unadaiwa upande mmoja tu? Mweusi akiuawa, kamera inakimbilia kwa mama yake kumuuliza kama amesamehe. Kwenye mazishi ya mmoja wa hao wa Charleston, Obama aliimba wimbo wa *Amazing Grace*, dunia nzima ikalia. Wangapi wanajua mtunzi wake, John Newton, alikuwa nahodha wa meli za watumwa? Na aliokoka kwenye dhoruba 1748, halafu *baada* ya hapo ndipo akawa nahodha, akabeba watu. Andiko lake la kulaani biashara ile alilitoa 1788. Miaka 40 neema ilikuwa safarini?

Mwandishi mweusi James Baldwin aliliona hili. Alikuwa mhubiri tangu ana miaka 14, akaacha baada ya miaka kama mitatu kwa sababu aliona mimbari ni jukwaa la maigizo, na upendo unaohubiriwa unaishia mlangoni. Kitabu chake cha 1963, *The Fire Next Time*, kinamalizika na onyo la moto, kutoka kwenye wimbo wa watumwa haohao. Huyo ndiye namwelewa.

Mama Mchungaji

Marahaba mwanangu. Kwamba unadaiwa upande mmoja, nakubaliana na wewe, na hata Charleston si wote waliosamehe. Wapo waliosema hawako tayari, na hao nao walikuwa washirika wa kanisa lilelile. Ila usiwanyang'anye waliosamehe. Hakuna aliyewalazimisha, na hawakuifanyia kamera. Mwezi uliofuata bendera ya majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa iliteremshwa kwenye viwanja vya bunge la South Carolina. Ilikuwa inapepea kwenye bunge lile tangu miaka ya sitini.

Newton sina la kumtetea.

Abuu Twaha

Kaka Mbishi, Baldwin huyohuyo alialikwa kula chakula nyumbani kwa Elijah Muhammad wa Nation of Islam, Chicago. Akavutiwa na heshima waliyokuwa nayo wale vijana, akawakataa pia, kwa sababu alisikia hadithi ileile ya watu wateule imegeuzwa rangi. Nasema hivi nikiwa Mwislamu: mafundisho yao kwamba mzungu ni shetani wa kuzaliwa hayakuwa Uislamu, na Malcolm alipoona Makka aliyaacha. Kwa hiyo usimweke Baldwin kwenye kambi yako peke yako.

Kaka Mbishi

Sijamweka kambini, nimesema namwelewa. Ila pointi imefika.

Dogo wa Sinza

Wakuu nianzie kipi? Kiingereza changu cha kuungaunga.

Mzee wa Maktaba

Anza na Douglass, kile cha 1845, ni kifupi na kinapatikana bure mtandaoni. Sentensi zake zimenyooka. Kisha tamthilia ya Hansberry, au kama unataka wepesi tazama filamu yake ya 1961, Sidney Poitier ndiye Walter kama alivyokuwa jukwaani. Baldwin aje mwisho, sentensi zake ndefu zitakukatisha tamaa mapema.

Kaka Mbishi

Dogo usimsikilize, anza na Baldwin. Ukikwama aya ya kwanza njoo inbox.

Mbeba Boksi

Na ukifika pale Lindner anapoingia na suti yake, soma polepole. Mimi nimeshakutana naye huku kwenye kikao cha wapangaji. Alikuja na keki.